Surf ya 1KZ inachemsha kwenye foleni, fundi anataka atoe feni ya injini aweke ya umeme. Nikubali au napigwa?

#1 Dereva wa Kimara
Habari wadau. Nina Hilux Surf ya injini ya dizeli ya 1KZ-TE, ile KZN185, huu mwaka wa nne niko nayo. Barabara kuu haina neno kabisa, Dar hadi Morogoro mshale wa hiti umetulia katikati. Shida ni foleni ya jioni, nikitoka Ubungo kupanda Kimara na AC imewaka, mshale unaanza kupanda taratibu mpaka nazima AC nafungua vioo nabaki natoka jasho kama niko kwenye daladala. Nikipata upenyo wa kukimbia hata mita mia tano unashuka wenyewe. Fundi wangu kasema klachi ya feni imekufa, orijino bei yake haishikiki na zile za kichina hazimalizi mwaka, kwa hiyo tutoe feni yote ya injini tufunge feni mbili za umeme za Camry. Anasema gari haitachemsha tena, mafuta yatapungua na itakuwa nyepesi. Anataka laki tatu na nusu pamoja na ufundi. Aliyewahi kufanya hii kitu kwenye 1KZ aje aniambie, maana ikichemsha sana inaua hedi (kile kichwa cha juu cha injini), na hedi ya hii injini najua bei yake.

#2 Kaka wa Mbagala
Laki tatu na nusu? Hiyo feni inapika na ugali?

#3 Fundi Mstaafu
Usitoe hela bado. Washa gari ipate moto vizuri, zima, ufunguo utoe kabisa uweke mfukoni, fungua boneti, kamata panga la feni ulizungushe kwa mkono. Likizunguka kwa kugomagoma kama lina asali ndani, klachi nzima. Ukilisukuma likaenda lenyewe raundi tatu nne kama kile kifeni cha karatasi cha watoto, klachi imekwisha.

Ndani ya klachi kuna mafuta ya silikoni, mazito. Kwa mbele pale katikati utaona kispringi cha bati kimejiviringisha kama dawa ya mbu ya koili. Hewa ya moto inayotoka kwenye rejeta inakipasha, kinajisokota, kinafungua kitundu, silikoni inaingia chumba cha pili na feni inashikana na puli. Rejeta ikipoa kinafunga. Silikoni ikivuja (utakuta vumbi limeganda na mafuta hapo mbele) feni inazunguka kivivu hata kama maji yanatokota. Toyota wenyewe wanauza hiyo silikoni kwenye vichupa vidogo, watu wa Land Cruiser wengi wanaweka ile ya uzito wa 10,000, unafungua klachi unajaza unafunga. Haifiki robo ya hiyo hela.

#4 Mtoto wa Gerezani
Mzee shikamoo, lakini hizo ni habari za enzi za mkoloni. Mimi nauza spea, feni za umeme natoa kila wiki. Feni ya injini inakula nguvu ya injini muda wote hata asubuhi kukiwa na baridi. Ya umeme inawaka ikihitajika tu, tena umeme wenyewe wa bure kwa sababu altaneta (jenereta ya gari) inazunguka muda wote upende usipende.

#5 Ohm na Wenzake
#4 kaka hapo kwenye umeme wa bure umetudanganya mchana kweupe. Altaneta ukiibebesha mzigo inakuwa nzito kuzunguka, ndiyo maana ukiwasha taa na feni ya ndani gari ikiwa imesimama utasikia muungurumo umeshuka kidogo halafu injini inajirekebisha. Piga hesabu, feni mbili kubwa tuseme zinakula ampea 40 kwa volti 13.5, hiyo ni wati 540. Altaneta inapoteza karibu nusu njiani kama joto, kwa hiyo injini inatoa kama wati 1,000 hivi kupata hizo 540. Farasi mmoja na ushee. Siyo nyingi ila siyo bure.

#6 Mtoto wa Gerezani
Wati 1,000 si ndiyo farasi mmoja kamili, ushee unatoka wapi

#7 Ohm na Wenzake
Farasi mmoja ni wati 746. Shule ilikuwa inafundisha.

#8 GX100 ya Dom
Nipo Dodoma, Mark II GX100, nilitoa feni ya injini nikaweka moja kubwa ya umeme, miaka miwili sasa sijawahi kuchemsha. Gari imekuwa kimya, ule mlio wa ndege inayotaka kupaa asubuhi ukiwasha haupo tena. Mafuta nilikuwa napata kilomita 8 kwa lita, sasa hivi napata 9 kwenda 9 na nusu. Ila #1 elewa kwamba yangu ni petroli, gari jepesi, halafu Dodoma hakuna foleni ya kutisha wala mlima.

#9 Mjomba Dizeli
#8 hayo mafuta ulipimaje? Maana kila mtu akifunga kitu kipya anaanza kukanyaga taratibu kwa wiki mbili halafu anasema kimepunguza mafuta. Mke wangu aliniambia gari imekuwa nyepesi siku nilipoosha tu.

#10 GX100 ya Dom
Nilipima full tenki kwa full tenki kituo kilekile pampu ileile mara nne. Unataka nije na mizani?

#11 Mjomba Dizeli
Sawa sawa nimekubali, usikasirike 😂

#12 Mlima Nyoka
Mimi dereva wa lori, nimepita mlima Kitonga mpaka mawe yananijua. Niwaulize swali moja tu wataalamu wa umeme. Kwa nini Scania, Fuso, na hata hizi Hilux mpya za injini ya 1GD bado zinatoka kiwandani na feni ya injini? Wazungu na Wajapani hawajui kwamba umeme upo?

#13 Ohm na Wenzake
Swali zuri sana hili. Feni ukiizungusha mara mbili ya mwendo wake, hewa inakuwa mara mbili lakini nguvu inayotakiwa inakuwa mara nane. Ndiyo maana feni ya lori iliyoshikana kisawasawa mlimani inaweza kula farasi ishirini na zaidi. Sasa hizo utazipata wapi kwenye altaneta? Hakuna. Gari ndogo kama IST au Corolla injini imelala kiubavu, puli inatazama tairi na rejeta iko mbele, kwa hiyo kiwanda hakikuwa na ujanja kikaweka ya umeme, na joto lenyewe ni dogo inatosha. Surf ya karibu tani mbili yenye tabo inapanda mlima imejaa watu ni habari nyingine.

#14 Pwani254
Salamu kutoka Nairobi. Wacha niwape yangu mcheke. Nina Prado ya 1KZ, fundi wa jua kali akanitolea feni ya injini akaweka mbili za umeme nyuma ya redieta. Nikatoka nayo, kwa jam iko sawa, sindano kidogo tu juu ya kati. Nikaingia barabara ya Naivasha nikafika themanini, sindano hiyo inapanda! Nikisimama kando inashuka. Yaani gari yangu ikawa kinyume ya gari za watu, ikikimbia inachemka ikisimama inapoa. Kule chini Mai Mahiu nikanunua maji ya kumwaga nimechoka kabisa, mzee mmoja anauza mahindi akaniangalia akachukua karatasi akaishika mbele ya grili, karatasi ikapeperuka kuja kwake. Feni zilikuwa zinapuliza kwenda mbele! Yule fundi alikuwa ameunganisha waya mbili vice versa. Kwa hivyo nikikimbia upepo wa barabara unakuja hivi, feni inasukuma hivi, vinakutana katikati ya redieta vinapigana. Nilibadilisha hizo waya hapo hapo na mzee wa mahindi ndiye alinishikia tochi.

#15 Kaka wa Mbagala
Mzee wa mahindi ana cheti kuliko fundi 😂😂

#16 Dada wa Mkuranga
Wote mnaongelea feni hakuna anayeongelea waya. Mimi nilifungiwa feni ya umeme kwenye Hiace yangu ya biashara, fundi akatumia waya wa nyumba ule mwembamba, ule wa taa, akapitisha moja kwa moja kwenye swichi aliyoichomeka chini ya usukani eti nikiona mshale unapanda niwashe mwenyewe. Wiki ya kwanza safi. Wiki ya pili nimebeba abiria, nasikia harufu kama mtu anachoma mfuko wa nailoni, kumbe waya umelainika umegusana na bodi, fyuzi hakuna. Abiria walivyoshuka sikuwahi kuona, dirishani wametokea wawili. Hakuna aliyeumia ila nauli nilirudisha yote na siku hiyo nilirudi nyumbani kwa bodaboda.

#17 Rilei Bin Fyuzi
Dada pole sana. Na hili la swichi ya mkononi ndiyo ugonjwa wa mafundi wengi, mtu unaendesha halafu kazi yako nyingine ni kukumbuka feni, siku ukipigiwa simu ya msiba umesahau hedi imepinda.

Niandike inavyotakiwa, ili #1 ukimkuta fundi anafanya tofauti umsimamishe. Kila feni iwe na rilei yake (swichi inayowashwa na umeme mdogo ipitishe mkubwa) na fyuzi yake, usiziweke mbili kwenye rilei moja ya ampea 30, kwa sababu feni ikianza kuzunguka inavuta ampea mara mbili tatu ya zile ilizoandikiwa kabla haijachanganya. Fyuzi ya 30 au 40 ikae karibu na betri, siyo kule mwisho kwenye feni, maana fyuzi inalinda waya. Waya uwe mnene, wa milimita 6 za mraba, na ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) nayo iwe nene vilevile, mafundi wanaweka waya mzuri wa moto halafu ethi wanafunga kwa uzi wa redio kwenye bolti yenye rangi. Kwenye rilei namba 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda feni, 86 inatoka kwenye ufunguo, 85 inaenda swichi ya joto kisha ethi. Swichi ya joto ndiyo inaamua, mtu hapana. Halafu lazima kuwe na waya mwingine unaotoka klachi ya kompresa ya AC, ukiwasha AC feni iwake hapohapo hata kama maji ni baridi, la sivyo AC itakuwa inapuliza upepo wa feri.

#18 Mwanafunzi wa Magari
Mkuu swichi ya joto ya nyuzi ngapi? Na inakaa hosi ya juu au ya chini?

#19 Rilei Bin Fyuzi
Mimi nafunga hosi ya juu, inawaka 92 inazima 87. Thamostati (ile valvu inayoruhusu maji kwenda rejeta yakipata moto) ya hizi nyingi inaanza kufunguka 82, kwa hiyo swichi lazima iwe juu ya hapo. Kuna mtu niliwahi kumkuta kafungiwa swichi ya 80 na thamostati ya 82, feni haikuwa inazima kuanzia anatoka kwake mpaka anarudi, anashangaa betri.

#20 Fundi Mstaafu
Hapo sikubaliani na mwanangu. Hosi ya juu inakuambia injini ina joto gani, hosi ya chini ndiyo inakuambia rejeta imeshindwa au haijashindwa. Magari kibao kutoka kiwandani swichi wameiweka kwenye tangi la chini la rejeta. Ukiweka juu feni inawaka hata rejeta ikiwa na uwezo wa kupoza yenyewe.

#21 Rilei Bin Fyuzi
Mzee ukiweka chini na namba zibadilike basi, maana maji ya chini yameshapoa. Mtu akichukua swichi ya 92 akaiweka chini, ikija kuwaka huku juu hedi imeshaanza kuimba kwaya.

#22 Mkoloni wa Land Rover
Arusha hapa, Defender 300Tdi ya watalii. Naongeza moja hamjaitaja, maji. Ukivuka mto na feni ya injini, panga likikuta maji linapinda kwenda mbele kama pangaboi la meli, nimeona mtu limechana rejeta yake pale pale katikati ya mto, watalii wanapiga picha. Sisi wa zamani tunatoa mkanda kabla ya kuingia. Ya umeme unazima kwa swichi unavuka. Jamaa zetu wa Uingereza wa Land Rover wamefunga feni za umeme za Kenlowe miaka na miaka kwa sababu hiyo na kwa sababu kwao baridi, feni inawaka mara chache sana. Ila kwa joto letu mimi nimebaki na ya injini.

#23 Kaka wa Mbagala
Mto hatuna ila Jangwani mvua ikinyesha tunao 🙋🏾

#24 Bin Seif wa Muscat
Assalaam alaykum. Huku kwetu Muscat mwezi wa sita na wa saba joto linapita 45, na vijana wa huku na Patrol zao za injini ya TB48 kwenye mchanga wanazichezea kila kitu, tabo, eksozi, taa, lakini ile feni ya injini wengi hawaigusi. Na akitoa mtu, basi kaweka rejeta kubwa na altaneta kubwa pamoja nayo. Jambo moja watu wanalisahau ni lile kava la plastiki linalozunguka feni. Bila kava, feni inavuta hewa ya ule mviringo wake tu na pembe nne za rejeta zinakaa bure, tena hewa ya moto inarudi kwa mbele kupitia pembeni. Muulize fundi wako feni za Camry zitakaa na kava lake au atazifunga kwa zile nailoni za kupenya kwenye rejeta. Kama ni za kupenya mwambie ahsante.

#25 Dereva wa Kimara
Wadau nashukuru sana, sikutegemea. Nimefanya jaribio la #3 jioni hii. Nimezungusha feni ikiwa ya moto, imeenda kama raundi moja na nusu ikasimama. Sasa hiyo ni nzima au mbovu? Na vumbi lenye mafuta lipo kidogo.

Kava halipo. Nimemuuliza fundi kasema alilitoa mwaka jana akibadilisha wota pampu, "lilikuwa linasumbua kurudisha."

#26 Mjomba Dizeli
😂😂😂 Ugonjwa kaleta yeye, dawa anauza yeye

#27 Fundi Mstaafu
Raundi moja na nusu ni mgonjwa asiyelazwa. Anza na kava. Hilo peke yake linaweza kuwa ndiyo foleni yako yote.

#28 Mtoto wa Gerezani
Mimi bado nasema feni ya injini kwenye foleni haina maana hata ikiwa mpya. Injini ikiwa imesimama inazunguka mia saba mia nane, feni nayo inazunguka karibu hivyohivyo. Joto linahitaji hewa pale pale gari lilipotulia, feni ya umeme inazunguka kasi ileile uwe umesimama au unakimbia. Hapo hakuna atakayenibishia.

#29 Ohm na Wenzake
Hapo sikubishii, ni kweli. Nakubishia upande wa pili, injini ikiwa imesimama altaneta nayo haitoi ampea zake zote. Altaneta iliyoandikwa 80 ikiwa injini mia nane inaweza kutoa nusu. Weka sasa usiku, mvua, foleni ya Kimara: taa kubwa ampea kama 10, feni ya ndani ya AC kama 15, waipa, redio, simu inachajiwa, juu yake feni zako mbili 40. Betri ndiyo inalipa deni. Ukizima ukafika nyumbani asubuhi haiwaki halafu utasema betri feki.

#30 Mtoto wa Gerezani
Si anaweka altaneta ya ampea 120 basi

#31 Ohm na Wenzake
Ambayo unauza wewe

#32 Mtoto wa Gerezani
Ndiyo. Nina mbili dukani.

#33 Mama Rubi
Ninyi mnasoma mshale wa Toyota mnaufurahia. Ule mshale wameutuliza makusudi, maji yakiwa 80 uko katikati, yakiwa 95 uko katikati, ukianza kuuona unasogea jua tayari hali imeshakuwa mbaya. Mimi 1KZ yangu ilipasuka hedi mshale ukiwa umepita kati kwa upana wa kidole tu. Hedi ni ya alumini, bloku ya chuma, joto likizidi kimoja kinatanuka kuliko kingine. #1 kabla ya feni yoyote nunua geji ya pembeni yenye namba, ifunge kwenye maji, uone namba halisi. Unaweza kukuta hata huchemshi.

#34 Dereva wa Kimara
Mama Rubi umenitisha. Iligharimu kiasi gani kama si siri?

#35 Mama Rubi
Ni siri. Mume wangu yuko humu.

#36 Kitasa
Nimesoma kote hakuna aliyeuliza thamostati. #1 ipo? Mafundi wetu gari ikichemsha kitu cha kwanza wanatupa thamostati, wanasema hizi za nchi za baridi. Bila thamostati maji yanazunguka muda wote, yanapita kwenye rejeta mbio hayapati muda wa kupoa.

#37 Ohm na Wenzake
Hilo la maji kupita mbio bila kupoa ni hadithi ya vijiweni. Maji yakipita kwa kasi rejeta inatoa joto zaidi siyo kidogo. Kubaya kwake ni kwamba injini inafanya kazi ya baridi ukiwa barabarani, na thamostati kwa chini yake ina kisahani kinachofunga njia ya mkato, ukiitoa maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta kabisa.

#38 Kitasa
Hadithi ya vijiweni ila na wewe umesema hayapiti rejeta. Si ndiyo nilichosema?

#39 Ohm na Wenzake
Siyo ulichosema.

#40 Mlima Nyoka
Na kifuniko cha rejeta mmekisahau. Kile cha presha ya 0.9 kikiwa kizima kinabana presha mpaka maji yanafika karibu 120 bila kutokota. Mpira wake ukilika maji yanachemka mapema. Huko Iringa juu, mita 1,500 na ushee, maji ya wazi yanatokota kwenye 95 hivi, ndiyo maana mtu anatoka Dar salama halafu anafika Ilula anafungua boneti. Kifuniko ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote, halafu ndicho watu hawabadilishi.

#41 Surf Mwanza
Mimi nilibadilisha kama fundi wako anavyotaka, Surf kama yako. Sikumbuki kama kuna mtu ametaja nati. Ile klachi imefungwa kwenye wota pampu kwa nati nne, na nati hizohizo ndizo zinabana puli. Fundi wangu alitoa klachi, akarudisha nati nne kwenye zile stadi (bolti zisizo na kichwa), zikaishia kwenye uzi kabla ya kugusa puli kwa sababu unene wa klachi haupo tena. Kwa macho zimekaza. Nikatembea siku tatu nasikia tik tik tik. Siku ya nne karibu na Shinyanga puli imechezacheza imekula mkanda, altaneta imekufa, wota pampu haizunguki, na feni zangu nzuri za umeme zinazunguka kwa fujo zote kupoza maji ambayo hayatembei. Ukitoa klachi weka washa nene nne au bushi za urefu uleule. Nimehifadhi zile stadi, nikija Dar nakuonyesha zilivyolika.

#42 Rilei Bin Fyuzi
Hii ya nati hata mimi sijawahi kuiandika na nimefunga nyingi. Heshima.

#43 Pwani254
"zinazunguka kwa fujo zote kupoza maji ambayo hayatembei" 😂😂 nimekufa

#44 Dereva wa Kimara
Mrejesho, najua nimechelewa wiki mbili na nusu. Kava nimepata la mtumba Shauri Moyo, limepasuka upande nimeshona kwa waya. Kijana wa kufunga alivyosogeza kondensa ya AC (ile kama rejeta inayokaa mbele ya rejeta) mbele akaniita nije nione. Katikati ya kondensa na rejeta kumejaa matope yaliyokauka na mbegu za nyasi na manyoya, manyoya ya kuku wadau, nilikwenda kijijini Desemba. Kwa mbele ukiangalia grili safi inang'aa, kumbe ndani kuna blanketi. Tukaosha kwa maji kutoka upande wa nyuma kuja mbele, polepole, matope yametoka ndoo nzima. Thamostati haipo, #36 umenena. Kifuniko nimebadilisha. Klachi sijaigusa bado.

Geji ya namba nimefunga. Jana foleni ya Kimara, AC imewaka, saa moja na robo, ilipanda mpaka 97 ikabaki hapo.

#45 Fundi Mstaafu
Umeona. Kava.

#46 Kitasa
Kava wapi mzee, matope hayo.

#47 Mlima Nyoka
Kifuniko.

#48 Mtoto wa Gerezani
97 bado ni joto, na jua la Januari halijaja. Feni za Camry ninazo, kava lake lipo, njoo tuongee. Na altaneta.

#49 Mama Rubi
97 geji umeifunga wapi, juu au chini? Usije ukawa unasoma ya chini ukafurahi.

#50 Dereva wa Kimara
Hosi ya juu, mama. Thamostati nanunua Jumamosi, ya 82 au ya 76? Fundi wa pili kasema 76.

#51 Kitasa
76 utakula mafuta.

#52 Ohm na Wenzake
Haya, tunaanza upya.